AENDAYE MALTA NA APANGE KWA KIPIMO CHA KISIWA

Mapumziko ni haki ya kila mfanyakazi, na mwenye uwezo wa kuyatumia nje ya nchi yake hana wa kumlaumu. Miongoni mwa visiwa vya Bahari ya Kati vinavyotajwa siku hizi na wenye kupanga safari za likizo, Malta inastahili kuzungumzwa katika ukurasa huu kwa sababu mbili. Kwanza, kisiwa hicho kina mambo mengi ambayo mtu wa visiwani kwetu atayatambua bila ya mkalimani. Pili, Malta imekwenda katika njia ya utalii miaka mingi kabla yetu, na anayekwenda kupumzika huko aweza kurudi na elimu ambayo haiuzwi dukani. Sisi tuliozoea kuwapokea wageni mwaka mzima yatupasa, inapofika zamu yetu ya kuwa wageni, tujue namna ya kuwa wageni wema.

Jambo la kwanza la kulijua ni udogo wa nchi yenyewe. Dola ya Malta ni visiwa vitatu vyenye wakaazi, yaani Malta, Gozo na Comino, na jumla ya eneo lake ni kilomita za mraba 316, kiasi cha sehemu moja katika tano za Unguja. Katika ardhi hiyo wanaishi zaidi ya watu 560,000. Hakuna mto wala ziwa. Mvua hunyesha zaidi wakati wa baridi, na miezi ya kiangazi hupita mikavu kabisa. Mpangaji wa safari asiyeyaweka haya mbele atapanga kana kwamba anakwenda bara, na atakosea hesabu yake tangu mwanzo.

Aliyepita chuoni akajifunza herufi na hesabu za Kiarabu atashangaa atakaposikia lugha ya Kimalta. Waarabu walikiteka kisiwa hicho mwaka 870 na utawala wao ukadumu hadi Wanormani walipofika mwaka 1091. Utawala uliondoka, lakini lugha ikabaki. Leo Kimalta ni lugha yenye asili ya Kiarabu inayoandikwa kwa herufi za Kilatini, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sita kwao ni *sitta*, saba ni *sebgħa*, tisa ni *disgħa*. Kitabu ni *ktieb* na bahari ni *baħar*. Mji wa Żejtun umepewa jina la zeituni, na mji mkongwe wa ndani ya kuta huitwa Mdina. Wamalta walio wengi ni Wakristo wa Kanisa Katoliki, nao humwita Mwenyezi Mungu *Alla*. Mfungo wao wa Kwaresima huitwa *Randan*, na Pasaka ni *L-Għid*. Msafiri aliyeandaa masikio yake kwa mambo hayo atafaidika kuliko yule aliyeandaa nguo za kuogelea peke yake.

Historia nayo haifai kuachwa nyumbani. Mwaka 1551 maharamia na majeshi ya Waturuki walikivamia Gozo, wakawachukua utumwani takriban watu 5,000, karibu wakaazi wote wa kisiwa hicho. Mwaka 1565 ulifuata mzingiro mkubwa, na mwaka 1566 Mashujaa wa Mtakatifu Yohana wakaanza kuujenga mji wa Valletta, ambao ndio makao makuu hadi leo. Baadaye kilikuja kipindi kirefu cha ukoloni wa Waingereza, walioifanya Malta kuwa kituo cha manowari zao. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Septemba, 1964, na Jamhuri ikatangazwa tarehe 13 Disemba, 1974. Hata hivyo majeshi ya kigeni yaliendelea kukaa. Waziri Mkuu Dom Mintoff alishikilia kwamba mwenye kuitumia bandari ya watu hana budi alipe kodi yake, na mkataba wa mwaka 1972 ukaweka malipo ya pauni milioni 14 kwa mwaka. Tarehe 31 Machi, 1979, mkataba ulipomalizika, askari wa mwisho wa Kiingereza aliondoka. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa, na atakayekuwapo wakati huo ataona jinsi watu wanavyoikumbuka.

Tumeyataja haya kwa kuwa yanaeleza asili ya biashara ya wageni huko. Kituo cha manowari kilikuwa ndicho mwajiri mkubwa. Ilipodhihirika kwamba Waingereza watapunguza majeshi yao, Malta ililazimika kutafuta riziki nyingine, na utalii ukawa mmojawapo wa mihimili mipya. Mwaka 1959 walifika wageni kiasi cha 12,000 tu. Mwaka 1980 walikuwa wamepita 700,000, na takriban robo tatu yao walitoka Uingereza. Soko hilo moja lilipolegea, katikati ya miaka ya 1980 idadi ilishuka hadi karibu nusu milioni. Nchi iliyokuwa imejinasua katika kutegemea manowari za taifa moja ilijikuta inategemea likizo za watu wa taifa lile lile. Tangu hapo wamejitahidi kutafuta wageni kutoka nchi nyingi, na mwaka 2024 wageni waliofika walizidi milioni tatu na nusu.

Sasa tuje kwenye matayarisho. Malta iliingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004, katika eneo la Schengen mwaka 2007, na ikaanza kutumia sarafu ya yuro mwaka 2008. Kwa hiyo raia wa Tanzania anahitaji viza ya Schengen. Maombi yaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasicheleweshwe hadi zikabaki chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima, tangu Juni 2024, ni yuro 90. Hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, pasi ya kusafiria itakayoendelea kutumika kwa muda wa miezi 3 baada ya kuondoka, pamoja na uthibitisho wa malazi na wa fedha za matumizi. Desturi yetu ya kungoja hadi wiki ya mwisho ndipo tuhangaike na karatasi haitafaa hapa. Kuhusu ndege, aghalabu msafiri wa kutoka kwetu huunganisha safari yake Istanbul au Dubai.

Kuna mambo kadhaa yatakayompa nafuu. Magari hupita mkono wa kushoto kama kwetu, na plagi za umeme ni zile zile za pini tatu bapa. Kiingereza kinaeleweka kila pahala. Mabasi hufika karibu kila kijiji. Wakaazi wenye kadi wamekuwa wakisafiri bure tangu Oktoba 2022, na mgeni hulipa nauli yake. Anayetaka halali na aulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa nyama ya nguruwe hutumika sana. Katika mji wa Paola upo msikiti ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1978 kwa msaada wa Libya.

Uchaguzi wa majira una uzito wake. Mwezi wa Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, hoteli hujaa, na bei hupanda. Anayetaka nafasi na utulivu na achague Aprili hadi mwanzo wa Juni, au mwisho wa Septemba na Oktoba, wakati maji ya bahari bado yana joto. Mtu wa visiwani hana haja ya kufundishwa kuwa upepo ndio mwenye amri. Kama sisi tulivyo na Kaskazi na Kusi, Wamalta wana *grigal* uvumao kutoka kaskazini mashariki na *xlokk* utokao kusini mashariki. Feri ya kwenda Gozo huvuka kwa muda wa dakika 25 hivi, lakini bahari ikichafuka husimama. Kwa hiyo asiweke siku ya Gozo kuwa siku ya mwisho kabla ya kupanda ndege.

Huko Gozo yapo mahekalu ya Ġgantija, yaliyojengwa yapata miaka 3600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, kabla ya kusimamishwa mapiramidi ya Misri. Vitabu vya zamani bado vinaonyesha picha ya lango la mwamba lililosimama juu ya bahari pale Dwejra. Lango hilo lilianguka katika dhoruba ya tarehe 8 Machi, 2017, na halipo tena. Katika kisiwa kikubwa, kijiji cha wavuvi cha Marsaxlokk kina soko la samaki kila Jumapili. Mashua zao, ziitwazo *luzzu*, zimechorwa macho mawili kwenye omo, kama yalivyochorwa macho katika mitepe yetu ya zamani. Kuanzia mwisho wa Agosti huvuliwa *lampuki*, samaki ambaye wavuvi wetu humwita faulusi. Wavuvi huelekeza maboya yenye kivuli baharini, na samaki wakishakusanyika chini ya kivuli hicho huzungushiwa nyavu.

Lakini pahala panapofundisha zaidi ni pango la makaburi la Ħal Saflieni, lililochongwa ardhini kabla ya historia kuandikwa, na ambalo mafundi wa visima waliligundua mwaka 1902. Watalaamu walipobaini kwamba pumzi za watu na joto la miili yao zinaharibu rangi nyekundu ya kutani, pango lilifungwa kwa miaka kadhaa ya matengenezo. Lilipofunguliwa tena, iliwekwa idadi isiyovukwa: watu 10 kwa safari moja, wasiozidi 80 kwa siku. Tiketi hununuliwa wiki nyingi kabla, wakati wa kiangazi hata miezi. Aliye na cheo na asiye na cheo wote husubiri zamu. Hapana aliyelalamika kwamba Malta imepoteza wageni kwa sababu ya amri hiyo.

Pahala ambapo kipimo kilichelewa, mambo yalikwenda vingine. Comino ni kisiwa kidogo chenye maji ya buluu yanayosifiwa duniani. Mashua zilimimina watu kwa maelfu kila siku ya kiangazi, na wafanyabiashara wakapanga viti na miavuli ya kukodisha tangu asubuhi, hata mwenyeji akakosa pa kutandika taulo yake. Mwezi wa Agosti 2022 wanachama wa kundi la Moviment Graffitti walivuka, wakaviondoa viti hivyo kwa mikono yao. Ilipofika mwaka 2025 Serikali iliweka utaratibu wa kujiandikisha mapema bila ya malipo, ili watu wasizidi 4,000 kwa wakati mmoja. Kipimo kimewekwa, ila kimewekwa baada ya wananchi kukasirika.

Kisha kuna maji. Kwa kuwa visima havitoshi, zaidi ya nusu ya maji ya kunywa ya Malta husafishwa kutoka baharini kwa mitambo inayokula umeme mwingi, na kazi hiyo ilianza kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mgeni anapofungua bomba la hoteli yake hutumia maji ambayo mwenyeji ameyagharimia mara mbili, kwa bahari yake na kwa umeme wake. Tangu mwaka 2016 kila mgeni mtu mzima hulipa kodi ya mazingira, iliyoanza kwa nusu yuro kwa usiku. Tunaona ni haki, na mgeni muungwana ataitoa bila ya kunung'unika.

Hapa ndipo maafisa wetu wanapopaswa kufungua macho. Zanzibar mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Idadi hiyo ndiyo iliyofikiwa na Malta mwaka 1980. Tofauti za nchi mbili hizi ni nyingi, na hatusemi kwamba yaliyowafika wao lazima yatufike sisi. Lakini waliokuwa na nafasi ya kuamua mwaka ule waliamua mambo ambayo wajukuu wao wanaishi nayo hivi leo: minara ya saruji inayoziba upepo Sliema na St Julian's, foleni za magari katika nchi ambayo mtu aweza kuivuka kwa muda mfupi, na ufukwe unaoingiwa kwa kujiandikisha. Sisi bado tuna visima vya kuvilinda na fukwe ambazo mvuvi angali akipitisha ngalawa yake. Swali la wageni wangapi, wapi, na kwa maji ya nani, lajibika vizuri zaidi kabla ya hoteli kujengwa.

Malta imewahi kuwa mwenyeji wa mikutano ya wakuu wa Jumuiya ya Madola mwaka 2005 na 2015, na chuo chake cha sheria za bahari hupokea wanasheria kutoka nchi zinazoendelea. Kwa hiyo si watalii tu wanaofika huko kutoka kwetu. Wapo pia watumishi wa Serikali. Tunawashauri wote, wa likizo na wa kazi, waongeze siku moja katika ratiba zao. Siku hiyo waende kwenye mtambo wa maji, wazungumze na wavuvi wa Marsaxlokk, wamuulize mwenye nyumba wa Valletta kodi imepanda kiasi gani, na wavuke Comino waone foleni. Watakaporudi, waandike walichokiona, na maandishi hayo yafike kwenye meza za wanaotoa vibali vya ardhi.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayepanga safari ya Malta na ajiulize kama mwenyeji wake atapona kwa kufika kwake. Wenye madaraka hapa nyumbani wanalo swali lile lile mbele yao, na hawajachelewa kulijibu.