SAFARI YA SKAUTI WA KIKE KUTOKA UJIJI HADI BAGAMOYO: NAMNA INAVYOPANGWA

Tangu baadhi ya wasichana wa madrasa yetu wajiunge na kundi la Girl Guides, ambao mitaani wengi huwaita skauti wa kike, ombi lao kwetu limekuwa moja tu, nalo ni safari. Wengine wanataja Zanzibar, wengine Dar es Salaam kwa kuwa wana wajomba huko. Sisi walimu tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa maandishi, ili mwanafunzi ajue kinachotakiwa kabla hajaenda kumwomba baba nauli, na mzazi atakayelisoma jarida hili naye aelewe tunachomwomba.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni mambo mapya. Chama cha wasichana hawa kilianza Uingereza mwaka 1910, na nchini kwetu kiliingia mwaka 1928, zama za Tanganyika. Mwasisi wa skauti, Baden-Powell, amezikwa hapo Nyeri, Kenya, alikofariki mwaka 1941. Sare yao inavaliwa pamoja na hijabu bila tatizo lolote, na skafu ikakaa juu yake.

Kwa nini Bagamoyo

Pendekezo letu ni Bagamoyo, wala si kwa sababu Zanzibar haifai. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000 na una mengi ya kuonyesha. Lakini kuvuka bahari na watoto thelathini ni gharama juu ya gharama. Isitoshe, Bagamoyo ina jambo ambalo Zanzibar haina kwa mtoto wa Ujiji: ni ncha ya pili ya njia inayoanzia hapa mtaani kwetu.

Njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Ujiji, ikapita Uvinza penye chumvi, ikaenda Tabora, ikakata Ugogo hadi Mpwapwa, kisha ikateremka Bagamoyo. Ni zaidi ya kilometa elfu moja kwa miguu. Burton na Speke walianza safari karibu na Kaole, jirani na Bagamoyo, mwezi Juni 1857, wakafika Ujiji tarehe 13 Februari 1858. Hesabu wenyewe: ni miezi saba na nusu hivi. Stanley naye aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akamkuta Livingstone hapa Ujiji mwezi Novemba mwaka huo huo, kwa tarehe inayotajwa na wengi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia, na Ujiji na Bagamoyo zote zimo.

Reli ya Kati ilifuata kwa kiasi kikubwa uelekeo ule ule. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa hiyo tunasema safari hii iwe ya treni. Anayekaa dirishani ataona Uvinza, Kaliua, Urambo na Tabora, na akipita stesheni ya Gulwe ajue kuwa Mpwapwa haiko mbali. Safari yenyewe ndiyo nusu ya somo. Tangu mwaka 2024 ipo treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nayo ina kasi sana, ila kubadilisha treni na watoto wote wale na mabegi yao hatukupendi.

Mambo magumu yatakayoonekana

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mwanafunzi asipotayarishwa atakwenda kupiga picha tu na kurudi.

Bagamoyo kuna Kaole, magofu ya mji wa Waislamu wenye misikiti miwili, mmoja wao ukiwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi yenye nguzo. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na mji huo ulikuwa makao makuu yao hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Kuna misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, ambako waliwekwa watumwa waliokombolewa, na ndiko mwili wa Livingstone ulikopitishwa mwaka 1874 ukienda kwao. Na kuna jengo walilofikia watu wa misafara.

Mtaelezwa habari za utumwa, na mtaelezwa kuwa wafanyabiashara wengi walikuwa Waarabu na Waswahili, yaani Waislamu. Msichana mwenye hijabu anaposikia hivyo mbele ya wenzake wa dini nyingine hujihisi kama ameshtakiwa yeye. Baadhi ya watu humjibu msemaji kwa hasira, baadhi hukana kabisa kuwa jambo hilo halikuwapo. Njia zote mbili si zetu. Yaliyotokea yalitokea. Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammad, na Muhammad bin Khalfan maarufu Rumaliza, aliyekuwa na nguvu hapa Ujiji, walikuwa watu wa biashara hiyo. Na dini inasema nini? Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa mtu anayemuuza mtu huru na kuila thamani yake ni miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama. Waliovamia vijiji vya Manyema na kuwafunga watu minyororo waliuza watu huru. Kuitwa kwao Waislamu hakuwaondolei hukumu hiyo.

Upande wa pili ni kwamba si kila aliyepita njia ile alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira. Nao Wazungu waliokuja kupinga utumwa walifuatwa na wenzao waliokuja kutawala. Na sisi watu wa Ujiji tuna damu za pande zote: Waha, Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa, Waswahili wa pwani, Waarabu. Katika nyumba moja unaweza kumkuta mjukuu wa aliyefunga na mjukuu wa aliyefungwa, tena ni mtu yule yule.

Tunapenda kila msichana kabla ya kuondoka amjue Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, akachukuliwa akiwa mtoto, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Huko akasoma, akawa huru, akafundisha, hadi akawa khalifa mkubwa wa Twarika ya Qadiriyya katika mji ule ule alioingia akiwa hana hata jina la ukoo wake. Alifariki mwaka 1931. Watu husafiri kutoka mbali kuhudhuria maulidi ya Bagamoyo, na wengi hawajui kuwa mwenye kuyajenga alitoka huku kwetu. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, yaani yeye akiwa hai.

Ruhusa ya wazazi na suala la maharimu

Bila shaka mzazi atauliza: binti yangu atasafirije bila maharimu? Swali hili ni la haki. Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) amemkataza mwanamke kusafiri mwendo wa siku bila ya maharimu wake. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameruhusu Hija ya faradhi pamoja na kundi la wanawake waaminifu, ama safari nyingine wengi wao hawakuruhusu. Wapo wengine, na wa zama hizi ni wengi zaidi, walioona kuwa illa ya katazo ni usalama, hivyo njia ikiwa na amani na kundi likiwa la kuaminika inajuzu.

Sisi hatutamlazimisha mzazi yeyote kuacha kauli anayoishika. Tunachopendekeza ni kwamba wanaume watakaofuatana na kundi wawe ni baba, kaka, ami na wajomba wa wasichana wenyewe, si watu wa kukodiwa, na kina mama wawe wengi kuliko wao. Kwa mfano, wasichana 24 wagawanywe vikosi vinne vya sita sita, kila kikosi na mama mmoja, kisha wanaume watatu. Mabinti wenye maharimu safarini watangulizwe katika orodha. Mzazi atakayekataa asibughudhiwe, na binti yake asichekwe.

Kwa wasichana watakaobaki, ama kwa sababu hiyo au kwa sababu ya nauli, ipo kazi yenye uzito sawa. Hao ndio watakaoishughulikia ncha ya Ujiji: waende kwenye makumbusho ya Livingstone, waione miembe inayosemekana kuwa ni kizazi cha ule wa asili, na zaidi ya yote wawahoji mabibi na mababu juu ya koo zao zilikotoka. Wataandika. Wenzao wakirudi na habari za Bagamoyo, pande mbili zitawekwa pamoja katika toleo lijalo la jarida hili. Kwa kweli kazi ya kuwahoji wazee ni ngumu kuliko ya kutazama magofu, na wazee hawasubiri.

Wakati, fedha na mizigo

Wakati unaofaa ni likizo ya Juni, baada ya masika. Kipande cha reli kati ya Kilosa na Gulwe huharibiwa na mafuriko. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 maji yaliikata reli ikasimama kwa muda mrefu. Atakayepanga safari mwezi wa mvua asishangae akilala njiani. Ratiba ya treni hubadilika, hivyo mtu mmoja apewe kazi ya kwenda stesheni ya Kigoma kuuliza, na tiketi za kundi zikatwe mapema.

Fedha zianze kukusanywa miezi minane kabla. Orodhesheni nauli ya kwenda na kurudi, basi dogo la kukodi kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo (ni kama kilometa 70), malazi, chakula, viingilio, kisha ongezeni sehemu moja ya kumi kwa dharura. Barua ya shule ichukuliwe, kwani wanafunzi hutozwa kiingilio kidogo. Dagaa wa Kigoma na mawese vina soko zuri Dar es Salaam, na jamaa wa huko watanunua kwa furaha, ila dagaa wafungwe vizuri sana, vinginevyo behewa zima litawajua. Mweka hazina awe mmoja wa wasichana, mama mmoja awe shahidi wa kila shilingi, na hesabu ibandikwe ukutani.

Katika mabegi: chandarua, dawa, maji, kanga ya ziada, na taulo za kike za kutosha hata kwa asiyezitarajia. Aliye katika hedhi haswali, na hakuna haja ya kumwuliza mbele za watu. Kila stesheni wauzaji watajaa madirishani. Hakuna kushuka peke yako, na kila kiongozi wa kikosi ahesabu sita wake kabla treni haijaondoka.

Swala na bahari

Msafiri hupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili; Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Anaweza pia kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Mkikaa Bagamoyo siku tatu kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, bado ni wasafiri. Mkinuia nne, mtaswali kamili.

Hapa dira ya skauti itafanya kazi yake. Ujiji kibla ni kaskazini ukiwa umeelemea mashariki nyuzi 20 hivi, na Bagamoyo ni karibu kaskazini kabisa. Treni ikielekea mashariki kibla kipo upande wa kushoto wa safari, na wakati wa kurudi kipo kulia, lakini reli hupinda, basi tazameni dira kila mara. Wala msichukue ratiba ya swala ya huku. Juni jua la Kigoma huzama karibu saa moja, na la Bagamoyo huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, ingawa saa zetu ni zile zile.

Mwisho ni maji. Binti wa Ujiji anajidai kuwa anajua kuogelea, na ni kweli. Lakini ziwa letu halipwi wala halijai. Pwani ya Bagamoyo maji hurudi nyuma mbali sana hata ukaona mchanga mtupu, kisha yanarudi, mara mbili kila siku. Asiingie mtu baharini kabla hajawauliza wavuvi wa pale saa za maji, na asitembee mchangani kuelekea kina kwa kudhani kuwa maji yamekwisha.

Fomu za ruhusa ziko kwa ustaadhati wa darasa la tatu. Zina sehemu mbili, ya Bagamoyo na ya Ujiji. Mzazi aweke saini katika moja.