Tegu Si Mnyoo, na Kenge Si Mmoja

Kisa hiki kilianza kwa kicheko. Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliombwa kitafsiri maelezo ya picha za wanyama za kubandikwa ukumbini siku ya wazazi. Mwenzetu wa kidato cha pili akafika kwenye picha ya mjusi mkubwa mwenye mabaka meusi na meupe, chini pameandikwa "tegu". Darasa zima likaangua kicheko. Tegu, kama ajuavyo kila aliyewahi kupewa dawa ya minyoo, ni ule mnyoo wa tumboni, mrefu na bapa kama utepe. Huyu wa Amerika Kusini ana miguu minne na kucha!

Mimi, kwa kiburi cha mtoto wa Gede, nikasimama nikasema, "Hilo si la kutuumiza vichwa. Andikeni kenge." Mwalimu wetu wa Bayolojia, aliyekuwa akisahihisha madaftari kule nyuma, akainua macho akauliza, "Kenge yupi?"

Nikanyamaza. Siku zote nilidhani kenge ni kenge. Tena swali lile lilinirudishia jambo nisilopenda kulikumbuka.

Likizo moja ya Agosti mayai ya kuku wa nyanya yalikuwa yakipotea. Tukamwona kenge akiingia kwenye pango la mwembe, mimi na binamu zangu wawili tukamtoa kwa fimbo. Alipoanguka alilala kimya, ulimi nje, tukashangilia kuwa amekufa. Mara akajitikisa. Nikammaliza mimi mwenyewe kwa rungu. Mjomba akampasua tumbo ili nyanya ajionee mayai yake. Tulichokuta ni konokono, jongoo na mabawa ya mbawakawa. Hata kipande cha ganda la yai hakikuwamo. Nyanya akatutazama akasema, "Mumemuua mpita njia." Na mayai yakaendelea kupotea.

Baada ya swali la mwalimu niliingia maktaba. Kuna kitabu kikubwa cha mijusi, nyoka na kobe wa Afrika Mashariki kilichotolewa mwaka 2002, na mmoja wa watunzi wake wanne, marehemu James Ashe, aliishi hapa hapa Watamu. Humo nikajua kwamba huku pwani tunao kenge wa aina mbili, nao hutofautiana sana ukishaelekezwa pa kutazama.

Wa kwanza ni kenge wa majini, ambaye wataalamu humwita *Varanus niloticus*. Huyu hakai mbali na maji, na kando ya Mto Sabaki ndiko kwao. Kichwa chake ni chembamba na kirefu. Tundu la pua ni la mviringo. Mkia umebanwa ubavuni kama kasia, na ndio anaoogelea nao. Ukimsonga atakuchapa nao pia. Mgongoni ana safu za madoa ya manjano, na kinda lake ni jeusi lenye manjano ya kung'aa, mpaka mtu asiyejua hudhani ni mnyama mwingine kabisa. Anaweza kupita mita 2. Hula kaa, samaki, vyura na mayai ya mamba, na kuku wa watu pia, tusimfichie aibu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni uzazi wake. Jike hutoboa kichuguu chenye mchwa hai wakati mvua imekilainisha, hutaga humo mayai yapatayo 20 hadi 60, kisha huondoka zake. Mchwa, bila kujua wamepewa ulezi, huliziba tundu. Mle ndani joto na unyevu havibadiliki sana, na baada ya miezi mingi makinda hutoka mvua inapokilainisha tena kichuguu. Anayebomoa kichuguu ili apate udongo huenda anabomoa nyumba ya uzazi ya mtu mwingine.

Wa pili ni kenge wa nchi kavu, *Varanus albigularis*, na ndiye niliyemuua. Kichwa chake ni kinene, pua imevimba kama ya bondia, na tundu la pua si duara bali ni ufa wa mshazari ulio karibu na jicho. Mkia wake haukubanwa sana kama wa mwenzake. Rangi ni ya kijivu au kahawia iliyochujuka, kama kanga iliyofuliwa mno. Hupanda miti na kulala katika mapango yake, na akizidiwa hujifanya amekufa. Hula konokono, jongoo, wadudu, nyoka na mizoga. Ni kweli kwamba kenge wote wawili hula yai wakilipata, na tumbo la siku moja si ushahidi kamili. Lakini hukumu tuliyompa ilitokana na jina tu.

Kuna pia guruguru, anayeishi mashimoni na vichuguuni, ambaye wengi humchanganya na kinda la kenge. Huyo magamba yake ni makubwa na yamepangwa kama matofali, na ubavuni ana mkunjo wa ngozi. Na mamba je? Husemwa kwamba katika msafara wa mamba kenge nao wamo, lakini kwa udugu hawamo. Mamba ana undugu wa karibu zaidi na kuku kuliko na kenge. Msinicheke, ulizeni mwalimu!

Sasa turudi kwa tegu. Kwa umbo anafanana na kenge kweli: mwili mkubwa, ulimi wenye panda, wizi wa mayai. Lakini utosini ana magamba makubwa yaliyopangwa sawia, ilhali ya kenge ni madogo madogo. Tegu akikatika mkia huota tena; wa kenge hauoti. Tena tegu hupenda matunda. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kenge yuko karibu zaidi na nyoka na kinyonga kuliko na tegu. Wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja katika mabara mawili.

Nami sikuwa wa kwanza kukosea. Mfaransa Daudin alipomweleza kenge wetu wa nchi kavu mwaka 1802, alimtia katika jenasi ya *Tupinambis*, yaani ya mategu! Mwaka 1820 Mjerumani Merrem akaanzisha jenasi ya *Varanus*, jina lililotokana na neno la Kiarabu la kenge, na baadaye kenge wetu akahamishiwa huko. Mategu wenyewe hawajatulia: mwaka 2012 wale weusi kwa weupe walitolewa *Tupinambis* wakatiwa katika *Salvator*.

Siku ya wazazi picha ile ilibandikwa na maneno haya: "Tegu, mjusi mkubwa wa Amerika Kusini. Si mnyoo wala si kenge." Na nyanya, tangu nimsomee niliyoyaandika, akisikia watoto wanapiga kelele nyuma ya jiko kwamba kuna kenge, huwauliza kwanza, "Pua yake ni tundu au ni ufa?"