Kipuri Kiko Gerezani

Mama yule alifungua fundo la kitenge juu ya meza ya fundi, akatoa kipande cha chuma kirefu kama kidole cha shahada, kimelika upande mmoja mpaka kimebaki chembamba.

"Shikamoo mama," fundi alisema huku akikipokea.

"Marahaba mwanangu. Hicho ndicho kilichonisimamishia kazi wiki nzima."

Ilikuwa pini ya pedeli ya cherehani ya miguu. Alikuja nayo kutoka upande wa Kisarawe, akabadilisha daladala njiani, mpaka Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, ambako nyundo hazinyamazi tangu asubuhi hadi magharibi. Hapa pipa kuukuu linageuka majiko, bati linakuwa tranka la mwanafunzi wa bweni, na kipuri ambacho kiwanda chake Ulaya kilishafungwa kinazaliwa upya kwenye mashine ya kukereza. Fundi aliipima pini, akaipima tena. "Nipe saa moja, mama yangu. Kanunue mahitaji yako, ukirudi unaikuta."

Hakwenda kununua kitu. Alivuta ndoo, akaipindua, akaketi, akanisimulia. Cherehani hiyo ni ya kikundi chao cha akina mama. Walipewa zamani na wafadhili kutoka nje, watu wachache waliokuja, wakala nao ugali, wakaondoka. Jina la shirika lilikuwa limeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na mvua imeshalifuta. Zilikuwa cherehani sita. Nne zinashona mpaka leo, na sare za shule za watoto wa kijiji chao zinatoka hapo.

Nne kati ya sita! Nimezunguka vijiji vya kutosha kwa kazi hii ya uandishi kujua kwamba hesabu hiyo inaipita miradi mingi iliyozinduliwa kwa ngoma, mabango na msafara wa magari.

Cherehani za namna hiyo zimeshushwa katika bandari yetu kwa miaka mingi. Mwaka 1979 Mwingereza Glyn Roberts alianzisha shirika dogo lililoitwa Tools for Self Reliance, yaani Zana za Kujitegemea. Jina lenyewe linamkumbusha Mtanzania Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotutaka tusiifanye fedha ya wageni kuwa msingi wa maendeleo. Kazi ya shirika ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kufanya. Watu wa kujitolea katika miji ya Uingereza, wengi wao wazee waliostaafu, walikusanya randa, misumeno, nyundo, tindo na cherehani zilizokuwa zimelala stoo na kwenye mabanda. Walizikwangua kutu, wakazinoa, wakatia mipini mipya, kisha wakazifunga kwa mafungu kulingana na ufundi: la seremala peke yake, la mhunzi peke yake, la mshonaji peke yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozipokea.

Randa iliyonolewa vizuri haina kompyuta ndani yake wala haingoji umeme. Seremala wa Songea akiishika, anaielewa kwa mkono kabla hajaambiwa neno. Ndiyo maana napenda msaada wa namna hii kuliko ule unaokuja na kitabu cha maelekezo kisichosomeka na mtaalamu wa wiki mbili.

Lakini zana peke yake haitoshi, na hapo ndipo Kariakoo inapoingia. Pita kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji uone visanduku vya sindano, bobini, mikanda ya ngozi na skrubu vimepangwa mpaka darini. Cherehani ya Butterfly, ile ya China inayojulikana hata kwa bibi zetu, ilifuata umbo la aina mojawapo ya Singer ya zamani. Kwa hiyo bibi wa Kiingereza aliyeiacha Singer yake kwenye dari la nyumba hakujua kwamba vipuri vyake vitakuja kuuzwa Dar es Salaam, tena kwa bei ambayo mshonaji wa kijijini anaimudu. Na kipuri kisichopatikana dukani kinakerezwa Gerezani. Kutoka kijijini mpaka kwa fundi ni nauli ya siku moja.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa yeyote anayetaka kusaidia kijiji, awe mgeni au mwenyeji: kitu hicho kikiharibika, kipuri chake kiko umbali gani?

Nayasema haya kwa uchungu, maana nimekulia kijiji chenye bomba la maji lililokufa. Lilikuwa pampu ya mkono, imara, ya rangi ya buluu. Wafadhili walilijenga, wakapiga picha, tukaimba. Miaka michache baadaye mpira mmoja wa ndani ulichanika, mpira ambao ningeweza kuuficha kiganjani. Haukupatikana wilayani wala mkoani, maana pampu ya aina ile haikuuzwa popote nchini. Mama yangu alirudi mtoni na ndoo yake. Pampu ilibaki pale, watoto wakawa wanaining'inia kama bembea.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumbani, hadi mwaka 1991. Nchi rafiki zikajigawia mikoa: Uholanzi ikachimba visima Shinyanga, Finland ikaenda Mtwara na Lindi, na kila mmoja akaja na pampu yake. Ilikuwa kazi ya nia njema na jasho la kweli. Hata hivyo, wizara ilipokuja kuhesabu vituo vya maji vijijini nchi nzima, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havitoi maji. Sababu zilikuwa nyingi, tangu vyanzo kukauka hadi kamati kula fedha. Lakini ukosefu wa kipuri na wa fundi haukukosekana katika orodha yoyote niliyowahi kuisoma.

Majirani zetu wa Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, walionyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 1983 pampu za mikono zilijaribiwa huko, na katika majaribio ya miaka hiyo ikakomaa pampu iitwayo Afridev. Ilibuniwa ili mtu wa kijijini aifungue na kuifunga kwa spana moja, bila winchi wala gari la mkoa. Na waliofundishwa kushika spana ile walikuwa wanawake, walewale waliokuwa wakibeba ndoo. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko chuma chenyewe, kwa sababu asiyebeba maji hana haraka ya kutengeneza pampu.

Wengine waliamua kutogawa kabisa. Mwaka 1991, Nairobi, Martin Fisher na Nick Moon walianzisha ApproTEC, shirika lililokuja kuitwa KickStart, baada ya kuona miradi ya bure ikifa mmoja baada ya mwingine. Pampu yao ya kukanyaga, MoneyMaker, inauzwa kwa mkulima kupitia maduka ya kawaida. Wapo wanaosema kumuuzia maskini ni ukatili. Siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Muuza duka anayepata faida kwenye pampu ana sababu ya kuweka na mipira yake kwenye rafu, na mkulima aliyeilipia hataiacha igeuke bembea. Lakini nakiri kwamba bei hiyo hiyo inamwacha nje yule asiye na kitu kabisa, na kwa huyo bado namtaka yule mzee wa Uingereza na msasa wake.

Kuna jambo moja linaloniumiza kila nikipita Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo. Nchi zilezile zilizotuletea cherehani ndizo zinazotuletea marobota ya mitumba, na nyingi ya nguo hizo huko kwao zilitolewa kama sadaka. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba mpaka iishe. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya kibiashara. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza kamba, Rwanda ikakaza na mwaka 2018 ikaadhibiwa. Nilimuuliza mama wa Kisarawe kama mitumba haimuui. Alicheka. Sare haziji kwenye robota, alisema, na suruali ya Mzungu lazima ipunguzwe kiuno. Kikundi chao kinaishi kwa hayo mawili.

Saa moja ya fundi ilikuwa karibu mbili. Pini ilitoka inang'aa, bado ina joto. Mama aliizungusha vidoleni, akaitazama juani.

"Ngapi, mwanangu?"

"Elfu nane, mama."

"Basi nikerezee na nyingine, ya akiba. Kuna mwenzangu pedeli yake imeanza kulia."

Fundi alikata kipande cha boksi, akachora pini, akaandika vipimo pembeni kwa kalamu ya mkaa, na chini yake namba yake ya simu. Siku nyingine, alimwambia, asipoteze nauli: apige picha ya kilichovunjika, fedha zije kwa simu, na yeye atakipeleka kipuri kwa kondakta. Mama alikunja lile boksi mara mbili, akalifunga kwenye pembe ya kitenge pamoja na pini ya kwanza, akaketi tena juu ya ndoo kusubiri ya pili.