Mlipuko wa Ugonjwa Hauvunji Mkataba wa Ajira

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa nchini, na siku iliyofuata Serikali ikatangaza kufungwa kwa shule. Mwezi Aprili safari za ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa. Shule binafsi zilikosa ada, na hoteli na nyumba za wageni zikakosa wateja. Wafanyakazi wengi waliambiwa kwa mdomo tu waende nyumbani wakasubiri kuitwa. Wapo walioitwa baadaye, na wapo waliosubiri bila mshahara wala barua, wasijue kama bado wana kazi au wameachishwa.

Milipuko haikuishia hapo. Ugonjwa wa Marburg uliripotiwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025. Ni vema waajiri na wafanyakazi wa kata zetu wakaielewa sheria mapema, kabla dharura nyingine haijabisha hodi.

Sheria iliendelea kutumika

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikusimamishwa wakati wa UVIKO-19. Inamhusu mwenye hoteli ya vyumba hamsini, mwenye duka lenye msaidizi mmoja, na pia familia iliyoajiri mfanyakazi wa nyumbani. Kwa mujibu wa sheria hiyo, biashara kudorora si ruhusa ya mwajiri kubadili masharti ya kazi peke yake. Akitaka kupunguza saa za kazi au mshahara, atapaswa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha maelezo ya ajira na kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi. Makato ya mshahara yasiyotokana na sheria, amri ya mahakama au makubaliano ya maandishi hayaruhusiwi.

Maandishi humlinda mwajiri pia. Shauri likifika mbele ya msuluhishi, na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya ajira yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye.

Mfanyakazi akiugua

Mfanyakazi ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Sharti ni kuwasilisha cheti cha daktari anayetambulika. Hivyo, anayelazwa kwa ugonjwa wa mlipuko asiandikiwe utoro. Naye mfanyakazi ahakikishe cheti kinamfikia mwajiri na abaki na nakala.

Likizo ya dharura

Kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kazi Na. 1 ya mwaka 2025, mfanyakazi aliyepatwa na dharura anaweza kupewa likizo isiyo na malipo ya hadi siku 30. Msingi wake ni makubaliano ya pande zote mbili. Kwa hiyo, mwajiri asiitumie kama njia ya kuwarudisha watu nyumbani bila ridhaa yao. Makubaliano hayo yaandikwe, yataje tarehe ya kuanza na ya kurejea kazini, na yasainiwe.

Inapobidi kupunguza wafanyakazi

Sheria inatambua kwamba biashara inaweza kuelemewa. Mwajiri anaruhusiwa kupunguza wafanyakazi, lakini kwa utaratibu. Kwanza, atoe taarifa ya kusudio lake mapema. Pili, aeleze hali halisi ya biashara. Tatu, ashauriane na wafanyakazi, au na chama chao kama kipo, kuhusu sababu, njia za kuepusha au kupunguza athari, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, muda na malipo. Wasipoafikiana, suala hupelekwa kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili, hadi kikomo cha miaka kumi.

Tuchukue mfano wa mhudumu anayelipwa shilingi 390,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa juma na ametimiza miaka sita kazini. Mshahara wake wa siku ni shilingi 15,000. Siku saba kwa miaka sita ni siku 42, hivyo kiinua mgongo chake ni shilingi 630,000. Kiasi hiki hakijumuishi mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua wala malipo ya notisi. Aidha, anastahili cheti cha utumishi.

Pa kupeleka malalamiko

Hatua ya kwanza ni mazungumzo kazini. Yakishindikana, mgogoro wa ajira hupelekwa CMA. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingine ina siku 60. Kusubiri kwa matumaini kwamba mwajiri ataita ndiko kunakowakosesha wengi haki zao, kwa kuwa siku huendelea kuhesabiwa.

Halmashauri haina mamlaka ya kuamua migogoro ya ajira. Hata hivyo, ofisi ya Mtendaji wa Kata inaweza kumwelekeza mwananchi kwa Afisa Kazi au CMA. Mwenye shauri afike na mkataba, hati za mshahara, vyeti vya daktari na ujumbe wowote aliotumiwa na mwajiri, hata ule wa simu.

Wananchi mnakumbushwa kutosubiri mlipuko ndipo muulizane kuhusu mikataba. Ambaye hana maelezo ya ajira kwa maandishi ayaombe sasa. Mwajiri ambaye hajayatoa ayaandae, kwa kuwa siku ya shida ndiyo yatakayomwokoa yeye na mfanyakazi wake.