Je, Wajua? Jakpoti Ilizaliwa Chunguni

Laare, mji wa miraa katika Igembe Kaskazini, ni mji unaoshika pesa kila siku. Miraa huchumwa asubuhi na mapema, hufungwa kwa majani ya mgomba, kisha magari hushuka mbio kuelekea Nairobi, kwani baada ya siku mbili hivi miraa hunyauka na kupoteza nguvu. Mwenye noti za leo mfukoni na simu mkononi huandamwa na neno moja la Kiingereza: "jackpot". Wakenya wamelizoea kama jakpoti. Historia yake inafaa kujulikana kabla ya mtu kuweka dau.

Je, wajua kwamba jakpoti ilianzia kwenye karata?
Katika miaka ya 1870, wacheza poka wa Marekani walikuwa na kanuni hii: haruhusiwi kufungua dau ila mwenye jozi ya jeki au karata kubwa zaidi. Asipopatikana, kila mchezaji aliongeza pesa mezani na karata zikagawanywa upya. Pesa za katikati ya meza kwa Kiingereza huitwa "pot", yaani chungu, na hicho kikawa chungu cha jeki. Kilijaa kwa sababu raundi zilipita na hakuna aliyeweza kukifungua.

Je, wajua kwamba jeki ya karata na jeki ya gari ni ndugu?
Jack lilikuwa jina la kawaida mno Uingereza, hata likatumika kumtaja mtu yeyote wa chini: kibarua, mtumishi, kijana wa kutumwa. Karata yenye picha ya mtumishi ikapewa jina hilo, na vyombo vinavyomsaidia mtu kazi nzito vikapewa pia. Ndiyo maana fundi wa Laare huinua gari kwa jeki, na biashara iliyopata msaada husemwa imepigwa jeki.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilijua karata kabla ya Kiingereza kufika?
Neno karata lilitoka kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Wao ndio waliotuachia pia majina ya mafungu manne: kopa, shupaza, uru na pau. Neno kamari lina asili ya Kiarabu.

Je, wajua kwamba beti ziko mbili?
Beti za shairi zimetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Kubeti kwa vijana wa leo kumetoka kwa Kiingereza. Matamshi yamekutana, lakini maneno hayana undugu wowote.

Je, wajua jinsi chungu kilivyoingia kwenye mashine?
Katika miaka ya 1920, watengenezaji wa Marekani waliongeza kwenye mashine za kamari kisanduku cha kioo kilichoonyesha sarafu zikirundikana. Mchezaji aliona wazi pesa za waliomtangulia, naye akatumbukiza zake. Mashine za aina hiyo zilienea hadi katika masoko ya vijijini Kenya, na mwaka 2018 serikali ilifanya msako mkali wa kuzikamata na kuziharibu.

Je, wajua kubashiri mechi 17 za jakpoti ya soka kuna njia ngapi?
Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, sare au ugenini. Zidisha tatu kwa tatu mpaka zitimie mara 17, utapata njia 129,140,163. Mtu akijaza moja kila dakika bila kulala, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 245. Kwa dau la shilingi 100 kila moja, atahitaji zaidi ya shilingi bilioni 12.9. Kuijua soka kunasaidia kuondoa baadhi ya njia, lakini zinazobaki bado ni nyingi mno.

Je, wajua pesa za mshindi hutoka wapi?
Mei 2017, Mkenya mmoja alishinda jakpoti ya shilingi milioni 221, na nchi nzima ikamjua. Kampuni ya kamari haina shamba la kuvuna pesa. Ulivyo mchezo wa kisasa ndivyo ulivyokuwa ule wa poka: zawadi hukua pale wengi wanapolipa na kukosa. Picha ya mshindi hutangazwa, lakini maelfu waliokijaza chungu hawatajwi.

Je, wajua sheria inasemaje?
Sheria ya Kenya ya mwaka 1966 kuhusu kamari na bahati nasibu ilidumu karibu miaka 60, mpaka Bunge lilipopitisha sheria mpya iliyotiwa saini Agosti 2025. Mtoto wa chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kucheza kamari. Mzazi anayemwachia mwanawe simu na nambari ya siri amemfungulia mlango. Basi tuwafundishe watoto hesabu ile ya mechi 17 mapema, wakiwa bado nyumbani, kabla tangazo la redio halijawafikia.