Je, Wajua Kwa Nini Vespa ya Zamani Haifi?

Barabara inayotoka Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, kuelekea Ziwa Albert hupita Bogoro, kama kilomita 25 kusini-mashariki mwa mji, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kasenyi. Duniani jina la Bogoro lilisikika kwa sababu ya mauaji ya tarehe 24 Februari 2003, na kwa kesi ya The Hague ambayo mwaka 2014 ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga. Kwa wakazi wake, barabara hiyo ndiyo inayopandisha samaki wa Kasenyi na Tchomia hadi Bunia na kumfikisha mgonjwa hospitali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na pikipiki. Nyingi ni za Kihindi na za Kichina. Pikipiki ya Kiitaliano haina kazi hapo. Hata hivyo, kampuni ya Bajaj, ambayo pikipiki zake za Boxer zimejaa Afrika Mashariki, ilijifunza kazi kwa kuunda chombo cha Kiitaliano, yaani Vespa, kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na Zanzibar hadi leo Vespa za miongo iliyopita hupeleka watu kazini kila siku. Kwa nini ziishi kule, na kwa nini si Bogoro? Jibu ninalolitetea ni kwamba chuma si kitu cha kwanza. Umri wa mashine huamuliwa na mambo mawili: iwe inafunguka mikononi mwa fundi wa kawaida, na awepo mtu mahali fulani anayeendelea kutengeneza spea zake. Mteremko wa Bogoro utatusaidia kuona hoja hiyo inafika wapi na inakomea wapi.

Tuanze na ilivyoundwa. Kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, Toscana, kilikuwa cha ndege, na vita viliisha kikiwa kimepigwa mabomu. Enrico Piaggio alitaka chombo cha bei nafuu kwa watu waliokosa usafiri, na kazi akampa Corradino D'Ascanio, mhandisi ambaye helikopta yake iliruka mwaka 1930 na ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Aliona zinachafua nguo, mnyororo wake unasumbua na kubadili tairi ni adhabu. Basi akaondoa kila kilichomuudhi. Injini akaiweka ubavuni mwa gurudumu la nyuma ili mnyororo usihitajike, gia akazipandisha kwenye usukani, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono wa upande mmoja, jinsi magurudumu ya ndege yanavyoshikwa. Badala ya fremu ya mabomba alikunja mabati yakawa mwili mzima. Hati ya kuulinda ubunifu huo iliwasilishwa tarehe 23 Aprili 1946, na Vespa ya kwanza ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 98. Kwa kuwa mbele ya kiti pako wazi na injini imefunikwa, mtu wa kanzu au buibui hupanda bila kunyanyua mguu juu wala kuogopa grisi. D'Ascanio hakuifikiria Zanzibar, lakini chombo chake kilikuwa kimekwisha kuitosha.

Lakini umbo si hoja yangu. Hoja iko chini ya kifuniko cha ubavu wa kulia. Chukua PX, muundo uliotoka mwaka 1977 na kuuzwa kwa mamilioni. Injini yake yote, pamoja na gia na klachi, imening'inia kwenye bolti moja ndefu mbele na bolti ya shokapu nyuma. Fundi hufungua waya wa klachi, waya mbili za gia, ya mafuta, ya choki na ya breki, hutoa bomba la petroli na nyaya za umeme, kisha huchomoa bolti hizo mbili, na injini inashuka chini ikiwa kitu kimoja. Haihitaji winchi. Ikishafika mezani, ganda lake hugawanyika pande mbili na kila kinachozunguka ndani huonekana. Hata gurudumu limefikiriwa vivyo hivyo. Hushikwa kwa nati tano, la mbele na la nyuma hubadilishana, na rimu yenyewe ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, kwa hiyo tyubu hubadilishwa bila kulazimisha tairi kwa chuma cha kubenulia. Gurudumu la akiba hukaa chini ya kifuniko cha kushoto, mkabala na injini, likipunguza kidogo uzito unaovuta kulia.

Mashine inayofunguka hivi pia husema inakoumwa, ikiwa fundi anajua kusikiliza. Krenki ya Vespa ina sili mbili za mpira, moja upande wa klachi na nyingine upande wa magneto. Miaka na joto huzikausha zikapoteza ulaini. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini huanza kuvuta oili ya gia na kuiunguza. Moshi mweupe unaoelekea bluu hutoka bila kukoma, na ile oili ya gia, ambayo kwa PX ni mililita 250 tu, hupungua pasipo tone hata moja kuonekana sakafuni. Ikichoka ile ya upande wa magneto, kinachoingia ni hewa. Sasa moshi hauongezeki. Badala yake injini hupiga kwa kasi hata kishikio cha mafuta kikiachiliwa, hukawia kutulia, hupata joto kuliko kawaida, na ikiachwa hivyo huweza kutoboa pistoni. Sehemu mbili zinazofanana, dalili mbili zinazopingana, na hakuna kompyuta inayohitajika kuzitofautisha. Gia zinazoruka zenyewe mtu akipanda kilima huwa na chanzo kingine, yaani kipande kidogo cha chuma chenye umbo la msalaba, kinachoteleza ndani ya mhimili kuchagua gia. Pembe zake zikilika, gia hazishiki. Kipande hicho ni rahisi. Gharama yote iko katika kuifungua injini, na tumeona inavyofunguka.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni pambo, na siri ya kweli ni kuwa chuma cha zamani kilikuwa chuma. Nalipinga wazo hilo kwa ushahidi wa Zanzibar yenyewe. Mwili wa Vespa ni mabati, na hewa ya chumvi huyala kuanzia chini ya sakafu. Pikipiki ya fremu ya mabomba ikipata kutu kwenye kava bado husimama. Vespa kutu ikimaliza sakafu, imeharibu uti wa mgongo wa chombo, kwa sababu mwili wake ndio fremu. Ingekuwa ni suala la chuma, Vespa zingekuwa za kwanza kufa pwani. Zimesalia kwa sababu bati lililooza hukatwa na jipya likachomelewa, na kwa sababu pistoni, ringi, waya na sili hazikukoma kutengenezwa Italia ilipoendelea na mambo mengine. Hapa India ina sehemu kubwa. Leseni ya Bajaj ilipokwisha mwaka 1971, kampuni hiyo iliendelea na Chetak yake kuanzia 1972, iliyofuata mifupa ya Vespa. LML ya Kanpur ikaanza miaka ya 1980 kuunda chombo cha muundo wa PX, na spea zake nyingi huingia kwenye PX ya Pontedera bila kubishana. Mtazame pia mpinzani wake wa Milano, Lambretta. Fremu yake ilikuwa ya bomba imara, na kampuni yake, Innocenti, iliacha kuiunda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Iliyopo barabarani leo inadaiwa sana na kiwanda cha Lucknow kilichonunua mitambo ya Innocenti na kuendelea nayo hadi miaka ya 1990. Chombo kikiwa na fremu nzuri na hakina ringi, kinageuka pambo la sebuleni.

Sasa tuipeleke PX ile Bogoro. Unguja ni kisiwa cha tambarare ambacho kilima chake kirefu hakizidi sana mita 100. Bunia iko kwenye mita 1,200 na zaidi, na uso wa Ziwa Albert uko kama mita 619. Kwenye kimo cha Bunia hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12. Kabureta haijui hilo, nayo huendelea kutoa karibu petroli ileile kwa hewa iliyopungua. Plagi hugeuka nyeusi, injini huwa nzito, na farasi wapatao 8 wa PX 150 hubaki kama 7. Tiba yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi, kazi ya bisibisi na dakika chache. Upande huo Vespa inafaulu, na Boxer yenye kabureta hupata tabu ileile na dawa ileile.

Tabu isiyo na bisibisi huanza pale barabara inapoinama kuelekea Kasenyi. Injini ya Vespa ni ya mipigo miwili, na oili inayolainisha pistoni na krenki huingia pamoja na petroli, asilimia 2 kwenye mchanganyiko wa kawaida. Mteremkoni dereva huachilia mafuta ili injini imsaidie kupunguza mwendo. Gurudumu linaizungusha injini kwa kasi, ilhali petroli inayoingia ni kidogo, na oili hupungua nayo. Pistoni inakimbia ikiwa kavu wakati ambapo inahitaji ulainisho kuliko wakati wowote. Ikikwama, gurudumu la nyuma nalo linasimama, kwa kuwa klachi isipokamatwa gia hulifunga moja kwa moja na injini. Anayelijua jambo hili hufungua mafuta kidogo kila mara, au hukamata klachi na kuziachia breki kazi, na hapo breki za ngoma za gurudumu dogo hupata joto upesi. PX yenye pampu ya oili hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa. Boxer, ambayo ni ya mipigo minne, ina oili yake chini ya injini na pampu inayoisukuma muda wote krenki inapozunguka, mafuta yawe yamefunguliwa au la. Kwa mteremko mrefu wenye mzigo, huo ni ubora usiobishaniwa.

Magurudumu nayo yana hesabu yake. Gurudumu la Vespa la inchi 10, pamoja na tairi, lina nusu kipenyo cha kama sentimita 21.5, na la Boxer la inchi 17 kama 29.5. Kwenye shimo lenye upana wa sentimita 30, la Vespa huzama zaidi ya sentimita 6, na la Boxer kama 4. Rudia tofauti hiyo kwa kila shimo hadi ziwani, kisha uifikirie shingo ya abiria. Kwa hiyo waendesha moto (pikipiki) wa Ituri hawakukosea kuchagua walichochagua, na sitaki hoja yangu isomwe kama ombi la kuwarudisha nyuma. Moshi vilevile ni pingamizi la haki. Injini ya mipigo miwili hupitisha sehemu ya petroli yake nje bila kuungua, tena pamoja na oili, na anayeipenda Vespa lazima akubali kwamba jirani yake anavuta matokeo. Sili nzima na oili isiyozidi kipimo hupunguza tu.

Ninachokishikilia ni kingine. Boxer imeenea Bogoro kwa sababu ilitimiza masharti yaleyale mawili yaliyoiweka hai Vespa ya Zanzibar. Injini yake, inayotoka kwenye ushirikiano wa Bajaj na Kawasaki ya Japani ulioanza miaka ya 1980, hufunguliwa kwa spana chache chini ya mti, na spea zake huuzwa moja moja. Wala si spea peke yake zinazoiweka mashine hai. Wenye Vespa, popote walipo, wamejenga desturi ya kuulizana: jeti namba ngapi, sili za nani hazikauki mapema, nani ana krenki ya akiba. Waitaliano waliipa desturi hiyo chama mwaka 1949, Vespa Club d'Italia, lakini kazi yake halisi hufanyika kibarazani kwa fundi. Watu wawili wenye chombo cha aina moja tayari wana maktaba ndogo ya matengenezo, na kijana anayeshika tochi fundi anapofanya kazi ndiye atakayeirithi.

Ndiyo maana jambo linaloendelea India linanihangaisha kuliko moshi. Tangu Aprili 2020 kanuni mpya za moshi za nchi hiyo zimezisukuma pikipiki nyingi zinazouzwa huko kuacha kabureta na kunyunyiziwa petroli kwa amri ya kompyuta. Hewa ya Bunia si tatizo tena kwa injini ya namna hiyo, maana hujipimia yenyewe. Hutumia petroli kidogo na haitoi moshi mwingi. Ni mashine bora. Lakini nyingi zinazoletwa Afrika bado zina kabureta, na zamu ya hizo mpya ikifika Ituri, sensa moja, yaani kihisi, ikifa njiani Bogoro haitasema kwa moshi wala kwa rangi ya plagi. Itasema kwa kifaa cha kuisoma kompyuta, na kifaa hicho ama kipo kwa fundi wa pale ama kimefungiwa kwa wakala mjini. Vyama vya waendesha moto vina nguvu ya kununua, na vinaweza kuitumia mapema: kabla ya kuuliza bei, vimtake mwagizaji aonyeshe kifaa hicho kikiuzwa kwa fundi yeyote, na sensa ikiuzwa peke yake bila kulazimishwa kununua boksi zima.