Kiboksi hakipunguzi uniti

"Fundi, nikichomeka kile kiboksi cha kupunguza umeme, mashine yangu ya bitcoin si italipa?"

Swali hili naulizwa Tunduma, naulizwa Vwawa, na sasa limeanza kunifuata hadi Mlowo. Muulizaji huwa ameshanunua vyote viwili: Antminer S9 ya mtumba, na kiboksi cheupe cha kuchomeka kwenye soketi, chenye taa ya kijani na ahadi ya kukata matumizi kwa nusu. Anachotaka kwangu ni baraka tu. Sina.

Kifungue hicho kiboksi. Ndani kuna kapasita moja ndogo, diodi chache na taa. Taa ndiyo yenye kazi nyingi kuliko wenzake.

Kapasita ina kazi yake halali. Mota huvuta kwenye laini mkondo mkubwa kuliko unaogeuka kuwa kazi. Sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi tu kati ya mota na gridi. Ukifunga kapasita ya kutosha karibu na mota, safari hizo huishia hapo hapo na waya wa kutoka nje unapata nafuu. Wateja wakubwa wa TANESCO, wa daraja la T2 na T3, hulipia uniti na pia kilele cha kVA, hivyo mwenye kiwanda akifunga kapasita zinazostahili anaona tofauti kwenye bili. Wewe wa LUKU hulipii kVA. Mita yako inahesabu kilowati-saa, na huo mkondo wa kwenda na kurudi haijawahi kukutoza hata senti. Kiboksi kinakuokolea deni usilokuwa nalo.

"Lakini fundi, nimeona kwa macho yangu." Najua ulichoona. Muuzaji aliwasha kimota, akabana waya kwa mita ya kubana, akachomeka kiboksi, namba ikashuka. Ilishuka kweli, wala hakuna mazingaombwe. Ila mita ile ilikuwa inasoma ampea, na LUKU haiuzi ampea. Tena alichagua mota kwa makusudi. Pawasaplai ya mashine ya kuchimba bitcoin imeshatengenezwa kiwandani ijirekebishe yenyewe, na kipimo chake cha pawafakta kiko juu ya 0.95. Kapasita hapo haina cha kurekebisha.

Usiniamini mimi, iamini mita yako. Zima kila kitu nyumbani, acha S9 peke yake. Kwenye uso wa mita kuna taa nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa inapepesa mara ngapi kwa uniti moja. Mita nyingi ni mara 1,000. S9 inakula takriban wati 1,350, kwa hiyo taa itapepesa mara 22 au 23 kwa dakika. Chomeka kiboksi, hesabu tena. Chomeka viboksi vitano ukipenda.

Sasa tuwe wakarimu, tukubali kwamba kiboksi kinakata nusu. S9 ilitoka mwaka 2016 ikiwa na terahashi kama 13.5 kwa sekunde, na enzi hizo ilikuwa mfalme. Mwaka 2025 nguvu ya mtandao mzima wa bitcoin imegonga zetahashi moja, yaani terahashi bilioni moja. Tangu Aprili 2024 kila bloku inalipa bitcoin 3.125, bloku ni 144 kwa siku, jumla bitcoin 450 kwa dunia nzima. Chukua bitcoin kwa dola 100,000 na dola kwa shilingi 2,500: fungu la S9 kwa siku ni kama shilingi 1,500. Kwa siku hiyo hiyo imekula uniti 32.4. Ukinunua LUKU ya shilingi 10,000 unapata uniti 28 hivi, sawa na shilingi 356 kwa uniti, kwa hiyo umeme wa siku ni shilingi 11,500. Unapoteza 10,000 kila jua linapozama.

Ili S9 isikutie hasara, uniti inatakiwa isizidi shilingi 47. Nusu ya 356 ni 178. Hata ile bei ya shilingi 100 ya D1, daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani, haitoshi, na isitoshe daraja hilo lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Mashine hii inazimaliza kabla ya siku ya tatu kwisha.

Hapo huja wazo la pili: "Basi niongeze mashine." Mchimbaji wa Mkwajuni akiongeza karasha anasaga mawe mengi zaidi na kupata dhahabu zaidi. Bitcoin ni zile zile 450. Dunia ikiongeza mashine, kila baada ya bloku 2,016, karibu wiki mbili, mtandao unaongeza ugumu, na fungu la S9 yako linapungua ikiwa imekaa pale pale chumbani inapiga kelele kama kipulizio cha mhunzi.

Mashine mpya je? S21 ina terahashi 200 kwa wati 3,500. Kwa hesabu ile ile inaingiza shilingi 22,500 kwa siku na kula umeme wa shilingi 29,900. Hasara tena, ila ya kisasa. Ndiyo maana wachimbaji wakubwa wameufuata umeme uliko: Ethiopia, walikouziwa kwa senti tatu na kitu za dola, wakati sisi tunalipa kama 14, Hifadhi ya Virunga kule Kongo, iliyoanza mwaka 2020 kwa mtambo wake wa maji wa Luviro, na Zengamina, kaskazini-magharibi mwa jirani zetu Zambia, ambako kampuni ya Gridless ya Kenya iliweka mashine zinywe umeme uliokosa mnunuzi. Kama una maporomoko yako Ileje na jenereta inayozunguka bure usiku, njoo tuzungumze. Huyo ndiye mteja ninayemsubiri.

Mengine haraka haraka. Sola: S9 ya saa 24 inadai paneli za kilowati kama nane na betri za usiku kucha, kwa mapato ya shilingi 1,500, fanya hesabu mwenyewe. Kuruka mita: ni kosa la jinai, na sifungi. Unataka bitcoin tu? Nunua bitcoin, ukijua kwamba Benki Kuu haiitambui kama fedha halali na kwamba Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Unataka kujifunza? Bitaxe, kimashine kidogo cha kuchimba, inakula wati 17 hivi, umeme wa shilingi 150 kwa siku. Kupata bloku peke yako itakuchukua wastani wa miaka karibu 16,000, lakini utaelewa kila kitu. Ukilazimika kununua S9 ya mtumba, iwashe saa kadhaa, ingia kwenye ukurasa wake, uone bodi zote tatu zikiwa na chipu 63 kila moja, na udai karatasi ya forodha ya mpakani. S21 inavuta ampea 15, plagi ya 13 itayeyuka: waya wa milimita nne, brekaa yake peke yake, na ekstensheni ya barabarani isiikaribie.

Na kama S9 umeshainunua, chomoa pawasaplai yake. Inatoa volti 12, ampea zaidi ya 100, na mafundi wa redio za magari hapa mjini wanazitafuta.